Kuwaona sokwe wa Virunga kwa fedha kidogo: Kisoro iko wazi, Kibumba inasubiri

Mgeni kutoka Ulaya anayetaka kukaa saa moja karibu na sokwe wa milimani hulipa dola 1,500 nchini Rwanda na dola 800 nchini Uganda. Katika Hifadhi ya Taifa ya Virunga, upande wa Kongo, kibali cha aina hiyo hiyo kilikuwa dola 400 wakati hifadhi hiyo ilipokuwa ikipokea watalii, na miezi ya mvua kiliwahi kushushwa hadi nusu yake.

Sokwe ni wa ukoo mmoja na milima ni ile ile. Mipaka ya nchi tatu inapita juu ya volkano hizo, na wanyama wenyewe huivuka bila pasipoti. Kundi la Nyakagezi, ambalo leo linatembelewa upande wa Uganda, liliwahi kuhamahama hadi Rwanda na Kongo na kuwaacha walinzi wa Uganda bila sokwe wa kuwaonyesha wageni.

Ndiyo maana kwa miaka kadhaa wasafiri wasiopenda kupitia kampuni za utalii walikuwa wakielekezana njia moja: shuka Kigali, panda basi hadi Rubavu, vuka mpaka kwa miguu uingie Goma, kisha uelekee kaskazini, kwenye barabara inayopita Kibumba.

Njia hiyo leo haipitiki kwa mtalii. Kwa Mtanzania, Mkenya au Mganda anayepanga likizo ya kigeni kwa mshahara wa kawaida, hesabu yenyewe inahitaji kupigwa upya, kwa sababu bei iliyokuwa nafuu kwa Mzungu haikuwa lazima nafuu kwake.

Kijiji kilichoko chini ya Mikeno

Kibumba iko takribani kilomita 25 kaskazini mwa Goma, katika wilaya ya Nyiragongo mkoani Kivu Kaskazini, kando ya barabara kuu ya kwenda Rutshuru. Upande mmoja umesimama mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470 na moto ndani yake. Upande wa pili kuna Mikeno, mita 4,437, na nyuma yake Karisimbi, mita 4,507. Mpaka wa Rwanda uko karibu sana, kiasi kwamba mashamba ya pande mbili yanatazamana.

Ni mahali pa baridi. Udongo mweusi wa volkano unazaa viazi, kabichi na karoti, na sehemu kubwa ya mboga zinazoliwa Goma hutoka huko. Mizigo hushuka kwa chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, kisicho na pedali wala injini. Mwenye chukudu hupakia magunia ya viazi au ya makala, akapiga goti moja juu ya ubao na kuuachia mteremko kazi. Kurudi nyumbani ni kusukuma.

Udongo huo unaolisha mji hauhifadhi maji. Mvua inazama moja kwa moja kwenye miamba ya lava, hivyo Kibumba haina mito ya kutegemewa. Mwezi Julai 1994, wakimbizi wapatao 200,000 kutoka Rwanda walipowekwa hapo, maji ilibidi yaletwe kwa malori. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya watu katika kambi za Goma mwaka huo, na msitu wa hifadhi ulikatwa kwa ajili ya kuni hadi kambi ilipovunjika mwishoni mwa mwaka 1996.

Kabla ya hapo, jina la Kibumba lilijulikana kwa watu wa aina nyingine. Hapo ndipo watafiti walipoanzia kupanda kwenda Kabara, uwanda wa majani ulioko kati ya Mikeno na Karisimbi. Mmarekani Carl Akeley, aliyeishawishi serikali ya kikoloni ya Ubelgiji kuitenga milima hiyo kuwa hifadhi mwaka 1925, amezikwa Kabara tangu 1926. George Schaller aliwachunguza sokwe hapo mwaka 1959 na 1960. Dian Fossey alifika Januari 1967, akaliacha gari lake chini Kibumba na kupandisha mahema.

Alikaa miezi sita tu. Mwezi Julai 1967, uasi ulipoikumba Kivu, askari walimteremsha mlimani, na muda mfupi baadaye akatoroka. Septemba mwaka huo alianzisha kambi mpya, Karisoke, ng'ambo ya pili ya milima hiyo hiyo, nchini Rwanda. Utafiti wa sokwe ukahamia huko, na mwaka 1979 ukaanzishwa mpango ulioifanya Rwanda kuwa nchi ya kwanza kukumbukwa na wengi pale mtu anapotaja sokwe. Zaire nayo ilipokea watalii katika miaka ya 1980. Lakini jambo lililotokea Kabara lingetokea tena na tena: vita vikianza upande wa Kibumba, mgeni na fedha zake huhamia ng'ambo.

Dola 400 zilinunua nini

Kipindi cha karibuni ambacho Virunga ilipokea wageni kwa wingi kilianza mwaka 2014, baada ya waasi wa M23 kushindwa mwishoni mwa mwaka 2013. Utaratibu ulikuwa rahisi kuliko sifa za nchi zilivyofanya watu wadhani. Msafiri alilipia kibali kwa mtandao wa intaneti, hifadhi ikamshughulikia viza ya dola 105 ya wiki mbili, na gari likampokea mpakani Goma. Kupanda Nyiragongo na kulala ukingoni mwa kreta, juu ya ziwa la lava, kulikuwa dola 300. Kibumba nayo ilipata kambi yake ya mahema ya wageni, chini kabisa ya Mikeno.

Hata hivyo, haikuwa safari ya kujitegemea kwa maana halisi. Mgeni hakuruhusiwa kudandia basi dogo la Goma na Rutshuru na kushuka Kibumba anapotaka. Alisafiri kwenye magari ya hifadhi, kwa saa zilizopangwa, akisindikizwa na walinzi wenye silaha. Gharama ya ulinzi huo haikuandikwa kwenye risiti. Zaidi ya walinzi 200 wa Virunga wameuawa katika historia ya hifadhi hiyo, na hakuna hifadhi nyingine Afrika Mashariki inayokaribia idadi hiyo. Anayelinganisha dola 400 na 1,500 bila kuiweka idadi hiyo kwenye mizani analinganisha nusu ya hesabu.

Mei 2018, gari lililobeba watalii wawili Waingereza lilishambuliwa kaskazini mwa Goma. Mlinzi mmoja, Rachel Masika Baraka, aliuawa. Watalii na dereva wao walitekwa na kuachiliwa siku mbili baadaye. Hifadhi ikafunga milango hadi Februari 2019. Machi 2020 ikaifunga tena kwa sababu ya UVIKO-19.

Kisha ikaja Februari 22, 2021. Balozi wa Italia nchini Kongo, Luca Attanasio, mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mustapha Milambo wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani waliuawa katika barabara hiyo, karibu na Kibumba, wakielekea Rutshuru kutazama mradi wa chakula mashuleni. Msafara wao haukuwa na askari wa kuusindikiza.

Miezi mitatu baadaye, Mei 22, 2021, Nyiragongo ililipuka na lava ikafika kwenye viunga vya Goma. Ziwa la lava ambalo watu walilipia dola 300 kulitazama likakauka kwa muda. M23 ilirejea: iliuteka mji wa mpakani wa Bunagana Juni 2022, ikafika Kibumba kabla mwaka huo haujaisha, na mwishoni mwa Januari 2025 ikaingia Goma. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Barabara inayopita Kibumba imepitwa na wakimbizi wa ndani mara nyingi kuliko ilivyopitwa na watalii.

Kwa mtu anayepanga likizo, kuna jambo moja zaidi ambalo husahaulika. Bima nyingi za safari hazilipi chochote mahali ambapo serikali imeshauri raia wake wasiende. Mguu ukivunjika huko, gharama ya kumtoa mgonjwa ni yake mwenyewe, na inaweza kuzidi kibali cha Rwanda mara kadhaa.

Nafuu kwa nani?

Mwalimu wa Mwanza au muuguzi wa Nakuru, hata wakati Virunga ilipokuwa wazi, angekuta dola 400 za kibali na dola 105 za viza zinamaliza akiba yake kabla hajala wala kulala. Bei hiyo iliwekwa kwa kumtazama mgeni anayekuja kwa ndege kutoka mbali.

Wakati huohuo Uganda ina bei ya raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu Julai 2024, kibali cha sokwe kwa mwanajumuiya ni shilingi za Uganda 300,000, ambazo ni takribani dola 80. Hiyo ni moja ya kumi ya anacholipa Mmarekani, na moja ya tano ya bei ya zamani ya Virunga. Rwanda nayo imewatangazia raia wa jumuiya hiyo bei ya dola 200, badala ya 1,500.

Inashangaza ni watu wangapi wa ukanda huu wanaoamini kuwa sokwe ni wa Wazungu, wakati punguzo hilo halihitaji kujuana na mtu wala kupitia kampuni. Linahitaji kitambulisho. Asiyekuwa nacho siku ya safari, hata kama alilipia bei ya mwanajumuiya, atadaiwa tofauti au atarudishwa.

Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi zao tatu kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, lakini halipi viza Uganda wala Rwanda. Kila mmoja abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ni karatasi ndogo inayoharibu safari nyingi pale Mutukula na Malaba.

Kisoro, mlango wa upande wa pili

Mji wa kuuweka kwenye mpango ni Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda. Uko kilomita chache kutoka Bunagana upande mmoja, na kutoka Cyanika, mpaka wa Rwanda, upande mwingine. Hifadhi ya Mgahinga iko juu yake na inagusana na Virunga: ni msitu mmoja uliogawanywa kwa mistari ya ramani.

Kutoka Kampala mabasi ya usiku huenda Kisoro kupitia Mbarara na Kabale. Anayetoka Nakuru au Nairobi huanzia Kampala kwa basi la Malaba au Busia. Anayetoka Mwanza ana njia mbili: Bukoba na Mutukula hadi Kampala, au Rusumo hadi Kigali, kisha basi la Musanze kutoka stendi ya Nyabugogo, na kumalizia kwa gari la kuchangia hadi Cyanika. Njia ya pili ni fupi zaidi na inampitisha msafiri chini ya volkano upande wa Rwanda bila malipo ya ziada. Ramani za zamani za wasafiri zinaikwepa kwa sababu mpaka kati ya Rwanda na Uganda ulikuwa umefungwa tangu 2019. Ulianza kufunguliwa tena mwaka 2022.

Kibali kinunuliwe kabla ya tiketi ya basi. Mgahinga ina kundi moja tu la sokwe waliozoeshwa watu, na kila kundi hupokea wageni wanane kwa siku. Ni vibali vinane basi, kwa dunia nzima. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari, huisha mapema. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda huviuza katika ofisi yake ya Kampala na kwa mtandao. Mgahinga ikijaa, kuna Rushaga na Nkuringo, sehemu za kusini za msitu wa Bwindi, ambazo pia hufikiwa kutoka Kisoro na zina makundi mengi zaidi. Anayekubali kwenda miezi ya mvua, Machi hadi Mei, hupata nafasi kwa urahisi, ila atembee akijua kuwa matope ni ya magotini.

Kinachokula fedha si kibali wala basi. Ni kipande cha mwisho cha njia. Lango la Ntebeko la Mgahinga liko kilomita 14 hivi kutoka Kisoro, kwa barabara mbaya, na wageni hutakiwa kuwa hapo asubuhi mapema. Gari la kukodi la kwenda na kurudi linaweza kugharimu kuliko vyumba vya siku mbili. Wasafiri wa bajeti hupanda bodaboda, au huuliza jioni iliyotangulia kwenye nyumba za wageni nani anakwenda lango lipi, wakachangia gari. Kwenda Rushaga ni mbali zaidi, hivyo kuchangia huko ni karibu lazima. Bei zote za usafiri zikubaliwe kabla ya kupanda, na zikubaliwe kwa safari nzima, pamoja na muda wa kusubiri. Mtu anaweza kutoka msituni saa nne asubuhi au saa kumi jioni, kutegemea sokwe walilala wapi.

Masharti mengine hayana mjadala. Aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi. Mwenye mafua au kikohozi hurudishwa, kwa kuwa sokwe huambukizwa magonjwa ya binadamu. Muda ni saa moja. Kibali kinajumuisha kiingilio cha hifadhi na mwongozaji, lakini si mbebaji wa mzigo. Wengi hudhani mbebaji ni anasa hadi wanapofika kwenye mteremko wa kwanza. Ujira wake ni mdogo na huingia moja kwa moja mfukoni mwa kijana wa kijiji cha jirani.

Asiyeweza hata shilingi 300,000 bado ana sababu ya kufika. Mgahinga ina volkano tatu za kupanda: Muhabura, Gahinga na Sabinyo, na ina kima wa dhahabu, ambao kibali chao ni cha bei ya chini sana kuliko cha sokwe. Rubavu, upande wa Rwanda, baadhi ya usiku wekundu wa Nyiragongo huonekana juu ya mawingu, na hakuna anayekata tiketi ya kutazama anga.

Fedha zinazoishia ng'ambo

Hesabu ya sokwe wa milimani ilitoa watu 1,063 kama mtu angewahesabu kwa heshima ya binadamu: 604 katika milima ya Virunga na 459 Bwindi. Mwaka 2018 waliondolewa kwenye kundi la wanyama walio hatarini zaidi kutoweka. Hakuna nchi kati ya tatu inayoweza kudai mafanikio hayo peke yake, na ulinzi wa upande wa Kongo uliendelea hata pale ambapo hapakuwa na mgeni wa kulipa.

Mgawanyo wa mapato ndipo tofauti inapoonekana. Rwanda hutenga asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa vijiji jirani. Uganda hutoa asilimia 20 ya viingilio na dola 10 kwa kila kibali cha sokwe. Virunga iliahidi asilimia 30, kiwango kikubwa kuliko vyote. Asilimia 30 ya sifuri ni sifuri. Mkulima wa Kibumba aliyeambiwa asiingie msituni kukata makala kwa sababu watalii watakuja, hana mtalii, na makala bado yana soko Goma.

Si kwamba Kisoro haina madeni yake. Mgahinga ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Wabatwa walioishi kwa msitu huo walitolewa, wengi bila ardhi. Leo baadhi yao huongoza wageni kwenye njia iliyopewa jina lao, wakionyesha mapango na mitishamba ya mahali walipozaliwa. Msafiri mwenye siku ya ziada atumie fedha yake huko, na aulize ni kiasi gani kinawafikia wenyewe.

Kabla ya kununua chochote, siku ya kuondoka ipangwe huku habari za mpakani zikifuatiliwa. Bunagana ilipoanguka mwaka 2022, maelfu walivuka kwa miguu kuingia Kisoro na kupokelewa katika kituo cha Nyakabande, kando ya mji. Mabasi ya Kampala hayakusimama, na hifadhi haikufungwa, lakini vyumba, usafiri na bei za mjini hubadilika ghafla siku kama hizo.

Anayemaliza sokwe na bado ana nguvu hupanda Sabinyo, yenye vilele vitatu na ngazi za miti zilizofungwa kwenye miamba. Kwenye kilele cha tatu mtu husimama Uganda, Rwanda na Kongo kwa wakati mmoja. Asubuhi isiyo na ukungu, Mikeno huonekana kusini-magharibi, imechongoka kuliko milima yote. Kibumba iko nyuma yake. Kibali cha Sabinyo kinaruhusu kupiga picha upande huo. Kushuka ng'ambo hakiruhusu.